Shangazi, mume wangu anakula kwa kujificha

Shangazi, shikamoo. Miezi miwili iliyopita mume wangu, mwenye miaka 46, aliamka mdomo umekwenda upande na mkono wa kulia hauna nguvu. Kufikia mchana alikuwa sawa, lakini daktari alisema kilikuwa kiharusi cha muda mfupi na presha iko juu sana. Nilirudi nyumbani nikatupa chumvi na mafuta. Nampikia chakula chake peke yake, cha kuchemsha, na sisi tunakula kama zamani. Anaonja vijiko vitatu, anasukuma sahani. Wiki jana nimekuta pakiti tupu za viazi vya kukaanga kwenye gari lake. Tuligombana mpaka watoto wakalia. Au hataki kuishi?

Marahaba mwanangu, na pole kwa asubuhi ile. Nadhani bado hujaimaliza. Kila akinyanyua kijiko wewe unauona ule mdomo ulivyokwenda upande, na naye anajua unachokiona.

Anataka kuishi. Asichotaka ni kuuguzwa mezani mbele ya watoto wake. Umemwekea sahani ya mgonjwa, wengine wakala vinavyonukia, halafu ukamtazama anavyotafuna. Mtu mzima akifanyiwa hivyo mara tatu kwa siku atatafuta pa kujificha.

Rudisheni sufuria moja. Chumvi nyingi haiwafai hata wewe na watoto. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na humo inahesabiwa ile iliyojificha kwenye mkate, soseji, sosi za chupa na vidonge vya kukolezea mchuzi. Kama ulitupa kopo la chumvi ukabakiza vile vidonge, bado hujafika mbali. Usiikate yote kwa siku moja. Punguza kidogo kidogo, ongeza ndimu na kitunguu saumu, uupe ulimi wiki kadhaa. Ulimi huzoea, na baadaye chakula cha zamani ndicho kitakachoonekana kikali.

Halafu wewe umewaza kuondoa tu. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya mlo uitwao DASH: mboga na matunda kwa wingi, maziwa yasiyo na mafuta mengi, mafuta kidogo kwa jumla. Kiasi cha chumvi hawakukibadilisha. Hata hivyo, kwa waliokuwa na presha ya juu, kipimo cha juu, ile namba ya kwanza ya presha, kilishuka kwa takriban pointi 11 katika wiki 8, ukilinganisha na waliokula mlo wa kawaida. Kwa hiyo anza kwa kumjazia sahani: maharage yaliyoungwa vizuri, mboga za aina mbili, tunda. Mafuta yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa.

Dawa asiziache hata presha ikishuka, mpaka daktari aseme. Na zile chumvi mbadala zina potasiamu, ambayo ni hatari kwa mwenye shida ya figo na kwa anayetumia baadhi ya dawa za presha. Muulizeni daktari kabla ya kununua.

Sasa lile gumu. Acha kupekua gari. Tafuta saa ambayo hakuna chakula mbele yenu, watoto wamelala, umwambie kwa maneno machache kwamba siku ile ulidhani umempoteza. Sidhani umewahi kumwambia. Nahisi amekuwa akisikia hasira tu, na hofu iliyo chini yake hajaisikia. Kisha umuulize yeye ni vyakula gani hawezi kuviacha, mkubaliane mara ngapi kwa wiki na kiasi gani, avile mezani pamoja nanyi. Kama mnaweza kupata mashine ya kupimia presha, ajipime mwenyewe na aandike mwenyewe. Ukimwandikia wewe, utakuwa umerudi kuwa askari.

Na mdomo ukipinda tena, mkono ukilegea au maneno yakikwama, msisubiri ipite kama mara ya kwanza. Hospitali saa hiyo hiyo, hata kama dakika kumi baadaye anasema yuko sawa. Wafundishe na watoto wakubwa dalili hizo.

Niandikie baada ya wiki sita, uniambie daftari lake linasomaje.