Kubadilisha mkanda wa saa ya bei mbaya nyumbani: ogopa pini kuliko mikwaruzo

Mkuu, umeuliza kama unaweza kutoa cheni ya chuma kwenye saa yako ya gharama na kuweka mkanda wa ngozi mwenyewe, au ni lazima umwachie fundi. Unaweza. Mimi najifanyia mwenyewe mwaka wa nane huu, na hakuna mwezi unaopita sijabadilisha mkanda. Ila swali lako lote limejaa hofu ya kukwaruza bodi (lile ganda la chuma la saa). Mkwaruzo utauona, utakuuma wiki moja, kisha utauzoea. Kinachoangusha saa ni pini, kile kijiti kinachoshika mkanda kwenye saa, na pini ikishakaa mahali pake haionekani.

Nakwambia hivi kwa sababu yamenikuta yote mawili. Saa yangu ya kwanza ya maana niliivua mkanda kwa ncha ya kisu cha jikoni. Kisu kikateleza, kikachora mstari upande wa ndani wa sikio (masikio ni zile pembe nne za bodi zinazoshika mkanda). Ule mstari upo mpaka leo, mkanda unaufunika, hakuna anayeujua zaidi yangu. Baadaye nikanunua kifaa chenyewe, nikabadilisha mkanda vizuri kabisa bila doa, nikavaa nikijisifu. Siku ya pili nashuka ngazi, nanyoosha mkono kupokea mfuko, mkanda ukaachia upande mmoja na saa ikaenda chini kwenye vigae. Kioo kilipona. Ukingo wa bodi ulibonyea, na saa ikawa inakwenda mbele dakika kadhaa kwa siku mpaka ilipofunguliwa na fundi. Ncha moja ya pini haikuwa imeingia kwenye tundu lake. Ilikuwa imeegemea tu pembeni, na mimi nilidhani imekaa.

Pini ni kijibomba chembamba chenye springi ndani, na ncha mbili zinazochomoza huku na huku. Ukizibonyeza zinazama, ukiziachia zinachomoza na kuingia kwenye vitundu vya masikio. Kwa hiyo kazi yote ni kubonyeza ncha moja, kuisogeza kidogo isirudi tunduni, kisha kutoa upande wa pili. Kifaa chake ni kama kalamu: upande mmoja kina uma mdogo wa meno mawili, upande mwingine kina sindano butu. Uma unashika bega la pini (ule ukingo mdogo karibu na ncha) kutokea nyuma ya saa. Sindano ni ya saa ambazo masikio yake yametobolewa mpaka nje. Hizo ni raha tupu, unasukuma kutokea nje na pini inazama. Kama saa yako ni ya namna hiyo, nusu ya maneno yangu hayakuhusu.

Kabla ya kugusa chochote, tandika kitambaa laini, ilaze saa kifudifudi, na ubandike tepu ya karatasi kwenye masikio yote manne, ndani na nje. Tepu ya karatasi, siyo ile ya plastiki inayoacha gundi. Mwanzoni fanyia kazi ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Utajiona mjinga, lakini pini ikifyatuka inaruka mbali kuliko unavyodhani, na kuitafuta chini ya kochi kwa tochi ni kazi ya usiku kucha. Cheni ya chuma ndiyo ngumu kuliko mikanda yote kutoa, kwa sababu kile kipande chake cha mwisho kinajaza nafasi yote kati ya masikio na uma unapata upenyo mdogo sana. Usitumie nguvu. Ukiona unatumia nguvu, ujue uma haujashika bega, umeshika chuma cha cheni.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu wanaponunua mkanda mara mbili. Pima nafasi kati ya masikio, usipime mkanda wa zamani, kwa sababu ngozi iliyovaliwa hubanwa na kudanganya. Tumia kalipa ya plastiki, yaani rula yenye taya mbili za kupimia. Omega Speedmaster Professional ni milimita 20. Rolex Submariner za zamani ni 20 pia, lakini toleo lililotoka mwaka 2020 ni 21, na wengi wameagiza mkanda kwa mazoea wakajikuta na uwazi pembeni. Mkanda mwembamba kuliko nafasi unacheza kushoto na kulia juu ya pini, na huo mchezo unaila pini taratibu.

Unene wa pini nao ni jambo. Za kawaida kwenye mikanda ya ngozi zina milimita 1.5, nyingine 1.8. Rolex nyingi za michezo zinatumia za milimita 2, na Seiko za kuzamia zinafika 2.5. Pini nene mara nyingi haipiti kwenye tundu la mkanda wa ngozi, basi mtu anatia pini nyembamba aliyopewa bure na mkanda. Inakaa, ndiyo, lakini ncha yake inaweza kuwa nyembamba mno kwa vitundu vya saa yako, inalegea. Tafuta pini yenye mwili mwembamba na ncha nene, zipo. Na kila ukibadilisha mkanda weka pini mpya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye saa, na ndicho kilichoibeba.

Ukishaweka, sikiliza. Ncha ikiingia tunduni hutoa mlio mdogo, *tik*, na unatakiwa kuusikia pande zote. Kisha shika bodi kwa mkono mmoja, vuta mkanda kwa mkono wa pili kama unataka kuung'oa kweli, uzungushe kidogo, usukume kwenda kushoto na kulia. Usione huruma: heri ing'oke juu ya kitambaa. Mimi siku ile niliruka hatua hii kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupiga picha.

Kipande chenye bizimu kinakaa upande wa saa 12, kile kirefu chenye matundu upande wa 6. Hilo halina maelezo marefu.

Kama bado roho haitulii, kuna mkanda wa NATO, ule wa kitambaa unaopita chini ya saa kama kipande kimoja. Asili yake ni mkanda ambao wizara ya ulinzi ya Uingereza iliuwekea viwango mwaka 1973 kwa ajili ya wanajeshi. Uzuri wake ni kwamba pini moja ikiachia, saa inabaki mkononi ikishikwa na ile ya pili. Ubaya wake unainua saa juu, na saa nene inakuwa kama kopo mkononi. Kwa saa nyembamba ya suti binafsi siupendi hata kidogo.

Zipo saa ambazo nisingekushauri uanze nazo. Panerai Luminor nyingi zinatumia skrubu badala ya pini za springi, na bisibisi isiyolingana sawasawa na mfereji wa skrubu huharibu kichwa chake mara moja. Kwa hizo mpelekee fundi ukae pembeni uangalie. Kwa upande mwingine, Cartier Santos zilizotoka kuanzia 2018 zina kitufe nyuma ya mkanda, unabonyeza unatoa kwa kidole, huhitaji kifaa chochote.

Cheni utakayotoa ihifadhi na pini zake humo humo, kwenye kipochi kimoja. Niliwahi kuzichanganya na za ngozi, nikaja kurudisha cheni kwa pini nyembamba, ikawa inalia kila nikitikisa mkono.

Hukutaja saa yako ni ipi. Pima kati ya masikio, angalia kama yametobolewa mpaka nje, uniambie. Nitakwambia pini gani utafute.