Panadol ya maji ya mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure, ila jua kuiulizia

Naandika kwa wamama wenzangu wa Mbeya na vijiji vya jirani, na wababa pia maana siku hizi tunawaona kwenye foleni wamembeba mtoto, hongereni sana. Mtoto wa chini ya miaka 5 akiugua, kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali ya serikali anatibiwa bure, na hiyo bure sio kumuona daktari tu, ni pamoja na kupimwa na kupewa dawa alizoandikiwa, ikiwemo hiyo panadol ya maji ambayo wengi wetu tunaikimbilia dukani kila mtoto akichemka. Hii sio hisani ya nesi wala zawadi ya diwani. Uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza nchini 1993 watoto wadogo na wajawazito waliwekwa kwenye msamaha, na Sera ya Afya ya 2007 ikaliweka hilo wazi. Kwahiyo ukisimama pale dirishani umesimama kwenye haki ya mwanao, simama vizuri.

Najua mtu ataniuliza, sasa kwa chupa ya elfu mbili, elfu tatu, niache biashara yangu Mwanjelwa nikakae foleni asubuhi nzima? Nakuelewa kabisa, na kwa mwenye watoto watatu wanaopokezana homa msimu wa baridi hiyo elfu mbili inajirudia mpaka inauma. Lakini kwangu mimi chupa sio sababu kubwa ya kwenda. Panadol inashusha homa na kutuliza maumivu, basi, haitibu kilicholeta hiyo homa. Dukani unauziwa chupa, kituoni mtoto anapandishwa kwenye mzani, anawekewa kipima joto, anaangaliwa masikio na koo, anasikilizwa kifua, na ikibidi anatobolewa kidole.

Hapa nikupe mfano wa kwangu. Kijana wangu alienda likizo kwa bibi yake Kyela, aliporudi huku Ilomba akaanza kuchemka, mwezi wa saba ule baridi unajua linavyokuwa, kila aliyemuona anasema ni mafua tu ya kubadilisha hewa. Tulipofika kituoni daktari kabla hata hajamshika akauliza, huyu mtoto wiki mbili hizi alikuwa wapi? Nikasema Kyela. Akaandika kipimo cha malaria pale pale, dakika chache kipimo kikaonyesha mistari miwili, tukatoka na dawa ya mseto na panadol, hatujalipa kitu. Sisi wa huku juu malaria hatunayo sana ndo maana tunaisahau, ila watoto wetu wanashuka Kyela, wanashuka Usangu, wanarudi nayo. Ukifika kwa daktari mwambie mtoto alikuwa wapi hata kama hajauliza.

Sasa tuje kwenye dirisha la dawa, maana hapo ndo watu wengi wanakwama na kuamua hawarudi tena. Unafika na cheti chako, unaambiwa "panadol ya maji imeisha, kanunue". Mara nyingi ni kweli, dawa za maji zinaisha haraka kuliko vidonge, na mzigo kutoka Bohari ya Dawa hauji kila siku. Usigeuke kuondoka. Uliza swali moja tu kwa upole: samahani sista, na vidonge havipo? Mimi nishaambiwa ya maji hakuna kwenye kituo ambacho sitakitaja, nikauliza vidonge, vipo, tena kopo zima lipo pale nyuma yake, tatizo cheti kilikuwa kimeandikwa ya maji na yeye anatoa kilichoandikwa. Nikarudi kwa daktari akabadilisha, nikarudi dirishani, yule dada akaweka kidonge juu ya karatasi akakikata kwa wembe mara mbili, robo robo, akaziweka kwenye bahasha ndogo akaandika 1/4 × 3. Imeisha hiyo.

Na robo hiyo sio ya kubahatisha. Kidonge cha panadol cha kawaida kina mg 500, robo yake ni mg 125. Dawa ya maji iliyozoeleka kwetu ina mg 120 kwenye kila ml 5, yaani robo kidonge na kijiko kimoja cha ml 5 vinakaribiana kabisa. Kwenye mwongozo wanaotumia vituoni mtoto wa kilo 4 mpaka chini ya 14 anapewa robo, wa kilo 14 mpaka chini ya 19 anapewa nusu. Kwahiyo aliyekuandikia vidonge hajakudharau wala hajakupa dawa ya watu wazima kimakosa, ni dawa ile ile. Ugumu wake ni uchungu tu. Unasaga katikati ya vijiko viwili visafi, unaongeza kidogo sana maji yaliyochemshwa yakapoa, unamnywesha, halafu hapo hapo unamfuatishia nyonyo au uji. Usiimwage kwenye kikombe kizima cha uji, akikataa kumaliza hutajua kala dawa kiasi gani.

Kama kweli hakuna cha maji wala cha kidonge, hapo utanunua, ila usiondoke bila cheti kilichoandikwa vizuri, jina la dawa, nguvu yake, ml ngapi, mara ngapi kwa siku. Nasisitiza nguvu yake maana kuna chupa za mg 120 kwenye ml 5 na kuna za mg 250 kwenye ml 5, zinafanana kwa macho, na mama aliyezoea kumpa mtoto kijiko kimoja akibadilishiwa chupa bila kusoma anampa dozi mara mbili. Nyumbani pimia kwa kile kijiko au kikombe kilichokuja na chupa, au omba bomba la sindano lisilo na sindano, famasi nyingi wanalo. Vijiko vya chai vya nyumbani kila kimoja na ukubwa wake.

Ukiona kila ukienda dawa hakuna, wiki hii hakuna, mwezi ujao hakuna, muulize mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, mzigo unategemewa lini. Ni swali la kawaida kabisa na wana majibu. Vituo vingi vimebandika namba ya simu ukutani ya malalamiko, na kila kituo kina kamati yenye wananchi wa eneo lako ndani yake, muulize mwenyekiti wa mtaa ni akina nani. Akitokea mtu pale ndani anataka hela kwa dawa ya mtoto wa chini ya miaka 5, omba risiti. Na dawa za serikali huwa zimewekwa alama ya GOT, yaani Serikali ya Tanzania kwa Kiingereza, ukiziona zinauzwa dukani ujue zimetoka pasipostahili, toa taarifa, kwasababu hizo ndo zile ulizoambiwa zimeisha.

Hapa niseme na jingine linaloniumiza. Kuna wamama wakitoka na panadol peke yake wanaona wametupwa, wanataka sindano, wanataka antibayotiki, wanapita dukani kununua za kuongezea. Mafua mengi ya watoto hayatibiwi na antibayotiki. Kama daktari amempima mtoto na kuridhika, panadol na maji na kunyonya sana ndo matibabu yenyewe. Na ukimnunulia tena dawa ya mafua juu yake soma boksi, nyingi zina paracetamol ndani, ambayo ndo panadol yenyewe, unajikuta umempa ile ile mara mbili na ikizidi inaharibu ini. Isizidi mara 4 kwa saa 24, na kati ya dozi na dozi angalau saa 4, hata kama homa imerudi na mtoto analia. Aspirini usimpe mtoto kabisa, na vile vidonge vya maumivu ya mgongo vya baba au vya bibi visimguse. Na tafadhali dawa ya maji usinunue mnadani au kwa mtu wa stendi. Kule Gambia mwaka 2022 watoto wengi walikufa figo zikiwa zimeharibika baada ya kunywa dawa za maji za kikohozi zilizokuwa na kemikali ya sumu. Nunua famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa, angalia tarehe ya mwisho na kizibo kama hakijafunguliwa.

Kuna hali ambazo hakuna mambo ya kujaribu panadol kwanza uone. Kichanga cha chini ya miezi 2 chenye joto, mtoto anayetapika kila kitu, aliyekataa kunyonya au kunywa, aliyelegea hashtuki ukimwita, shingo imekakamaa, au amepata degedege. Hao ni bajaji muda huo huo, usiku au mchana, na degedege haitaki kupitia kwa mtu wa kuchanja chale wala kupaka chochote, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Kuhusu mipaka ya huu msamaha: ni vituo vya serikali. Hospitali binafsi hauwahusu, na za dini inategemea kama zina mkataba na halmashauri, uliza mapokezi kabla hujaingia kwa daktari. Na akishatimiza miaka 5 ndo mwisho, baada ya hapo ni bima au mfukoni, kwahiyo wenye watoto wa miaka 4 anzeni kufikiria bima mapema msisubiri augue.

La mwisho ni kadi ya kliniki. Ile ndo inayoonyesha umri wa mtoto, bila hiyo unaweza kuanza kubishana mapokezi kwamba huyu ana miaka minne au sita, hasa ukiwa na mtoto mwenye mwili mkubwa. Mimi ya kwangu iko kwenye mfuko wa nailoni kwasababu ya mvua zetu, na haikai kwenye pochi yangu, inakaa anapokaa mtoto. Ukimwacha kwa bibi kadi ibaki kwa bibi, ukimwacha na dada wa kazi muonyeshe ilipo, na mwambie kabisa kwamba mtoto akichemka ampeleke zahanati na hiyo kadi, hela ya dawa sio lazima awe nayo, asisubiri mpaka wewe urudi jioni.