Tairi linasugua koiloveri: je, nifunge spesa?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2006. Mwezi uliopita nilifunga koiloveri (shokomzoba na springi zinazorekebishwa urefu) nikaishusha gari, kisha nikatoa matairi ya 235/45 nikaweka 245/40 kwenye rimu zilezile za kiwandani, inchi 17 kwa 8, ofseti 53 (uso wa kufungia rimu uko milimita 53 nje ya katikati ya upana wake). Sasa matairi ya mbele yanasugua kikombe cha chini cha springi, upande wa ndani. Fundi wangu anasema nifunge spesa za milimita 25, visahani vya kuwekwa kati ya habu na rimu ili gurudumu lisogee nje. Dukani nimeona pia spesa bapa za milimita 5. Nichukue zipi? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu yangu, za 25 ziache dukani. Na hizo za 5 pia usizilipie kabla hatujajua ni nini kimelileta tairi karibu na koiloveri. Kwa maelezo yako naona mambo matatu, na mawili yanarekebishika bila spesa yoyote.

La kwanza ni tairi lenyewe. Kutoka 235 hadi 245 umeongeza upana wa milimita 10, nusu yake imekwenda ndani. Kwa hiyo milimita 5 za nafasi umezila mwenyewe.

La pili ni urefu. Ukishusha gari kwa kuzungusha mwili wa koiloveri uingie zaidi kwenye mguu wake wa chini, kikombe cha springi nacho kinashuka, kinakuja kukaa ubavuni mwa tairi badala ya kubaki juu yake. Pandisha milimita 10 tu, uangalie tena. Kwa matuta yetu ya Nairobi hutajuta.

La tatu ndilo ninalolishuku zaidi: kemba, yaani mlalo wa gurudumu. Mtu akifunga koiloveri hupenda magurudumu yalale kidogo kwa juu kuelekea ndani, ili gari lishike kona. Kwenye Impreza hii kuna sehemu mbili za kuirekebisha, na hazifanani hata kidogo. Ukitumia bolti ya juu kati ya zile mbili zinazoshika mguu wa koiloveri, unavuta gurudumu liifuate koiloveri, na nafasi inapungua. Ukitumia bamba la juu, lile unaloliona ukifungua boneti, koiloveri na gurudumu vinalala pamoja, na nafasi kati yao inabaki ileile. Basi fanya hivi: rudisha ile bolti ya mguu wa koiloveri ili gurudumu litoke nje, halafu tafuta kemba yako kwenye bamba la juu. Nimeona magari yakipata nafasi ya kutosha kwa kazi hiyo tu, na mwenye gari tayari ana spesa mkononi. Baada ya hapo alaimenti ni lazima, kwa sababu too, yaani mwelekeo wa magurudumu yanavyotazama mbele, itakuwa imehama.

Pima sasa. Bandika kipande cha udongo wa kuchezea watoto kwenye kikombe cha springi, funga gurudumu, lizungushe taratibu, lifungue, upime unene uliobaki. Mimi nataka milimita 5. Tairi hujikunja kwenye kona, na chini ya 3 silali usingizi.

Kama bado haifiki, hapo spesa ya 5 ni halali kabisa. Itafanya ofseti yako iwe 48, jambo ambalo gari hili hulibeba bila shida. Ya 25 ingekupeleka 28: gari lililoshushwa lingekata tairi kwenye ukingo wa madigadi, beringi zingebeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na kila shimo ungelisikia kwenye usukani.

Nunua yenye matundu 5 kwa 114.3, yaani matundu 5 kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, na tundu la katikati la milimita 56.1. Uwe macho hapa, kwa sababu STI ya 2004 ni 5 kwa 100, na wauzaji huchanganya. Iwe na mdomo wake wa katikati wa kulibeba gurudumu, kwa sababu bapa tupu huumeza mdomo wa habu, na gari linaanza kutetemeka kwenye mwendo.

Sasa bolti, na hapa nakuomba usiniharakishe. Bolti za habu yako ni M12 kwa 1.25, yaani unene wa milimita 12, na kila mzunguko wa nati husogea milimita 1.25. Nati inapaswa kushika thredi kwa urefu usiopungua unene wa bolti, yaani milimita 12, ambayo ni karibu mizunguko 10 kamili. Unene wote wa spesa unatolewa kwenye urefu huo. Ifunge kwa mkono, hesabu mizunguko tangu nati inaposhika. Isipofika 10, gari lisitoke gereji. Niliwahi kupokea gari lenye spesa za 10 juu ya bolti za kiwandani, nati zimeshika mizunguko minne. Bolti mbili zilikuwa zimeshakatika, na mwenyewe alikuwa amewabeba watoto kutoka Nakuru. Kwa hiyo ukiweka spesa, weka na bolti ndefu. Zisigongwe kwa nyundo habu ikiwa kwenye gari, beringi itaumia. Habu itolewe, zisukumwe kwa presi.

Kabla ya kufunga, sugua uso wa habu kwa brashi ya waya mpaka kutu yote iishe. Grisi isiguse thredi. Spesa mbili zisibebane. Kaza kwa mpangilio wa nyota, kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichomo kwenye kitabu cha gari, kisha kaza upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Siku hiyohiyo lipandishe gari kwa jeki, weka stendi, umulike ukuta wa ndani wa matairi yote mawili ya mbele. Ukiona mstari mpya unaong'aa, nipigie kabla hujaliendesha tena.