Kushinda kesi si kulipwa

Mhariri, mmeuliza mahakama zibadilike vipi ili kesi za biashara ziishe haraka. Mimi nina lori la kusomba korosho hapa Masasi, kusini mwa Tanzania, kutoka vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima hadi maghala makuu. Jibu langu: ukomo wa muda uwekwe kwenye kukazia hukumu, yaani kumlazimisha aliyeshindwa alipe, si kwenye kusikiliza kesi tu.

Wengi wakilalamika husema habari za tarehe. Shahidi hakufika, wakili ana shauri Mahakama Kuu, hakimu kahamishwa. Njoo mwezi ujao. Yanauma, na anayeomba ahirisho bila sababu alipe nauli na hasara ya mwenzake siku hiyo hiyo. Lakini mimi nilimshinda mtu aliyenikodi msimu mzima akanilipa nusu, na hapo ndipo kazi ilipoanza upya. Unafungua maombi ya kukazia hukumu. Mdaiwa anaomba utekelezaji usimame. Dalali wa mahakama akitaka kukamata gari, anatokea shemeji anasema gari ni lake, naye lazima asikilizwe. Kila hatua na tarehe zake. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba. Ukifika Oktoba huna fedha ya matairi na dizeli, mwaka umekupita, hukumu unayo mkononi.

Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu tunayo tangu 1999 na imesaidia, ila deni la mwenye lori moja haliendi huko. Linaishia mahakama ya mwanzo au ya wilaya. Kenya mwaka 2021 walianza mahakama za madai madogo: dai lisizidi shilingi milioni moja za kwao, hukumu itoke ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujitetea mwenyewe. Tuige hilo. Mahakama zetu za mwanzo zimezoea Kiswahili na watu wasio na mawakili, kwa hiyo msingi upo.

Ila tusiige nusu. Siku ya hukumu, hakimu amwapishe mdaiwa ataje mali zake na apange tarehe ya kulipa, katika jalada lile lile. Shemeji akija na pingamizi, lisikilizwe na kuamuliwa ndani ya siku 14. Na kuanzia Oktoba hadi Januari, mahakama za Masasi, Newala na Tandahimba zitenge siku moja kila wiki kwa madeni ya korosho pekee. Huo ndio wakati mdaiwa ana fedha. Ukimfuata Machi, keshazimaliza.