Barua kwa mwanangu: uliyeniuliza kuhusu kuvunja sheria

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Majengo. Nimeusoma ujumbe wako wote. Unasema wodini kwenu kuna mama aliyejifungua, daktari ameshamruhusu, lakini hospitali imemzuilia kwa sababu ya bili. Mwenzako wa zamu ya usiku anataka mumtoe kwa geti la nyuma, na risiti ya kughushi mkononi. Ukaniuliza: "Mama, ni lini mtu anaweza kuvunja sheria na bado awe na haki?"

Kwanza tutenganishe sheria na amri ya bosi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani kwa kushindwa kulipa. Jaji Mumbi Ngugi alisema kuwazuilia vile kulikiuka haki zao za kikatiba. Hospitali ikidai pesa, iende kortini kama mdai mwingine yeyote. Kwa hiyo wodini kwenu anayevunja sheria ni yule aliyefunga geti.

Risiti ya kughushi ni jambo jingine, nalo linanisumbua. Mimi huuliza: nani atalipia? Ikigunduliwa, keshia ataitwa ofisini ajieleze. Askari wa geti, ambaye hata hakujua kitu, atakatwa mshahara. Ninyi wawili mtakuwa mmelala. Siwezi kuuita huo wema, mwanangu, hata kama yule mama amefika kwake salama.

Nilikuwa kijana Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipoingia Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa nao. Kabla ya hapo walipeleka ombi lao kwa Mwanasheria Mkuu, wana wao waachiliwe. Ndipo wakaketi pale bustanini kungoja jibu, wamefunga kula. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa rungu na gesi ya machozi. Wangari alipigwa mpaka akazimia. Baadhi ya wale wazee wakavua nguo mbele ya polisi, na hakuna kijana wa Kiafrika asiyejua kwamba hiyo ni laana. Wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Nilipowapelekea chai, mmoja wao alinitajia jina lake kamili na kijiji chake kabla sijamwuliza. Waliambiwa waondoke wakakataa, na kila rungu lilianguka juu ya migongo yao wenyewe. Mwaka 1993 wengi wa wana wao walikuwa wametoka gerezani.

Usichukulie basi kwamba kila afanyaye kwa siri ni mwoga. Aprili 1954, Waingereza walipouzingira mji huu katika msako wa Mau Mau walioupa jina la Anvil, wakiwakamata hasa Wakikuyu, nyanya yako alimficha jirani Mkikuyu chini ya kitanda, huku wanajeshi wakipita mlango kwa mlango. Angejitokeza kusema ukweli, jirani angepelekwa kizuizini siku hiyohiyo. Amri ile iliwekwa na watu ambao nyanya hakuwahi kuulizwa kama anawataka. Waafrika wa Kenya walianza kuwapigia kura wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Na hata kwa kuficha kule, nyanya angekamatwa ni yeye angelipia. Hakumwachia mzigo mtu mwingine.

Wewe una mahakama iliyokwisha kusema, kwa hiyo huna haja ya giza. Chapisha ule uamuzi, mpelekee msimamizi wa wodi asubuhi, mkiwa wawili. Kwenye kitabu cha ripoti andika saa aliyoruhusiwa mgonjwa, andika kwamba anazuiliwa kwa ajili ya deni, utie sahihi yako. Wakizidi kukataa, mtoe mchana kwa geti la mbele, na umwambie askari aandike jina lako, lisiwe lake. Deni yule mama aandikiane nao alipe kidogokidogo, maana huduma alipata.

Wanaweza kukufukuza. Nimeshaongea na baba yako, kodi yako ya miezi miwili mitatu tutaisimamia. Halafu uniambie mtoto ni wa kike au wa kiume. Nguo za binamu yako ziko hapa, nimezifua.

Mama yako