Stoo imejaa vinywaji, lakini kumpa mgeni soda moyo unaniuma

*Shangazi, nimekulia nyumba ambayo soda tuliiona mikononi mwa watoto wa wenzetu. Sasa Mungu ametujalia, na stoo nimeijaza: maji katoni 20 (kila moja chupa 12 za lita moja na nusu), soda makopo 96, nusu yake zile zisizo na sukari, juisi pakiti 30 za lita moja, maziwa yanayokaa muda mrefu pakiti 40, na chupa 11 za mvinyo tulizozawadiwa ingawa hatunywi. Tuko wanne. Mgeni akiingia moyo unanidunda, naishia kumpa maji ya bomba. Mwezi uliopita nilimwaga makopo 30 yaliyopitwa na tarehe, nikafanya hivyo usiku ili mume asione. Wifi yangu haondoki bila katoni, nami nampa kisha nanuna wiki nzima. Mume ananiita mchoyo. Najiambia akiba haiozi, lakini naona aibu kuwa na vingi, na kutoa naona uchungu. Nifanyeje?*
*Mama Stoo*

Mama Stoo, kabla hujalikubali jina alilokupa mumeo, chukua karatasi tuhesabu. Umenitajia idadi ya kila kitu, ila hukusema nyumba yako inahitaji kiasi gani. Asiyejua kinachomtosha huona kila kopo linalotoka ni pengo. Ndiyo maana kopo la mgeni linakuuma sawa na katoni ya wifi.

Tuanze na maji, maana ndiyo pekee humo stoo yanayostahili kuitwa akiba ya dharura. Kipimo cha kawaida cha wanaojiandaa kwa dharura ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa kunywa, kupika na usafi mdogo. Watu wanne kwa wiki nzima ni lita 112. Wewe una lita 360! Katoni 7 zinakupa lita 126. Hizo 13 nyingine ni ziada. Hizo 7 zikae juu ya mbao, zisiguse sakafu, mbali na jua, na mbali kabisa na mafuta ya taa, petroli, rangi na dawa ya wadudu, kwa sababu plastiki hupitisha harufu hata kama kifuniko hakijafunguliwa. Usizipange mnara pia. Katoni moja ina kilo 18, na ya chini ikibonyea huvuja taratibu bila wewe kujua mpaka ukute maboksi yameoza.

Maziwa yaache. Mkitumia pakiti moja kila siku mbili, 40 ni siku 80, na kama tarehe zinafika huko, hiyo ni bajeti ya nyumba tu. Usiyagawe kwa sababu ya aibu halafu ukaenda kununua mengine kesho. Pakiti iliyovimba itupe bila kuionja, na uliyoifungua iingie friji, iishe ndani ya siku nne au tano.

Kwenye soda ndipo penye shida. Akiba haiozi, ni kweli, ila waliosema hivyo hawakuwa wakihifadhi makopo yenye gesi. Soda zisizo na sukari huwa na maisha mafupi kuliko wenzake; zilizotiwa aspartame (kitamu bandia kinachowekwa badala ya sukari) hupoteza utamu kadiri muda na joto vinavyozidi, na mnywaji huhisi kama amepewa maji yenye rangi. Angalia tarehe za hayo makopo 48. Tuseme imebaki miezi miwili, nanyi mnakunywa makopo manne kila Jumapili: mtamaliza 32 kwa wiki nane, tena mkianza na hayo. Makopo 16 hamtayafikia. Hata ukiyanyima watu wote duniani, hayatakuwa yenu. Yatakuwa ya karo la jikoni, kama yale 30.

Kuhusu yale 30, huenda hukuhitaji kuyamwaga yote. Tarehe ya soda kwa kawaida huhusu ubora: ladha na gesi. Kopo zima lililopita wiki chache, lisilo na kutu, lisilovimba wala kubonyea kwenye mshono, ungeweza kulinywa mwenyewe. Ila usimpe mtu. Kilichopita tarehe unaweza kukichagua kwa ajili yako, lakini huna haki ya kumchagulia mwingine. Vitu vyenye maandishi ya kutotumika baada ya tarehe fulani ni habari nyingine, hivyo havijaribiwi.

Chukua kalamu nene uandike mwezi na mwaka kwa herufi kubwa mbele ya kila boksi. La zamani mbele, jipya nyuma. Kisha bandika utepe ukutani kwenye kimo cha akiba yako, na usinunue kitu mpaka maboksi yashuke chini ya utepe, hata kukiwa na punguzo la bei. Najua punguzo ndilo litakalokushinda. Bei ya nusu kwa kitu kitakachomwagwa ni hasara ya nusu.

Sasa huo moyo unaodunda. Uliyekulia kwenye uhaba, mwili wako ulijifunza kwamba kinachotolewa hakirudi, na somo hilo halifutiki kwa sababu pesa zimekuja. Siuiti uchoyo. Mchoyo hakosi usingizi kwa alichonyima, na wala haandiki barua. Lakini jua kwamba mgeni wako hajui habari za utoto wako; anachokiona ni mlango wa stoo uliofungwa na glasi ya maji ya bomba.

Kosa lako ni kuamua wakati mgeni ameshakaa. Dakika ile hofu ina nguvu kuliko wewe. Amua Ijumaa, nyumba ikiwa kimya: toa stoo makopo sita na pakiti mbili za juisi, weka friji, na tangu hapo vihesabu kuwa vimeshatoka. Cha friji ni cha yeyote aliyeingia. Cha stoo hakijadiliwi. Mgeni akifika usimuulize atakunywa nini, maana swali hilo linakurudisha sokoni. Leta sinia lenye aina mbili, achague. Juisi ukiifungua kwa ajili yake, imiminwe yote au irudi friji iishe ndani ya siku chache. Usiinyime kisa pakiti itakuwa imefunguliwa. Makopo sita yakiisha Jumamosi, Jumapili mnakunywa maji na wageni wenu, na hakuna aliyefukuzwa. Wiki tatu za kwanza utaumia bado. Usijilazimishe kufurahi, endelea kuweka makopo sita.

Wifi yako ni suala jingine, na hapo sikulaumu sana. Unampa kwa kuogopa maneno, kisha unamdai shukrani asiyojua kuwa anadaiwa. Mtangulie. Akiwa bado anavua viatu mwambie, "Wifi, nimekuwekea maji katoni mbili, ziko pale mlangoni." Akitaka na soda, mjibu, "Za soda wiki hii zimeshapangwa wifi yangu, maji ndiyo yako." Usieleze zaidi ya hapo. Ukianza kujitetea kwa tarehe na hesabu, utaishia kumbebea katoni mpaka kwenye gari. Na mumeo ajue mapema, kwa sababu huyo ni dada yake. Asije akasema mbele yake kwamba stoo imejaa.

Mvinyo usiuweke juu ya friji kama wengi wafanyavyo: joto na mtikisiko huuharibu. Wenye kizibo cha gome ulazwe, kizibo kisikauke kikapitisha hewa. Ila kwa kuwa hamnywi, sioni sababu ya kuutunza. Mpe mtu mzima unayejua anakunywa na hana vita na pombe, umwambie umekaa muda gani na mahali gani, kwa maana mvinyo mwingi hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache. Kumpa mtu anayejitahidi kuacha si ukarimu hata kidogo.

Aibu ya kuwa na vingi isikuendeshe kwenye kutoa. Anayetoa ili aibu impungue hutoa kwa haraka na bila kuuliza, halafu hukasirika asiposhukuriwa vya kutosha. Piga simu kwanza kituo cha watoto, shule au nyumba ya ibada: wanahitaji maji? Wana pa kuyaweka? Wanataka lini? Soda zisizo na sukari usiwapelekee watoto, zitafutie watu wazima wanaozipenda. Chochote unachotoa kiwe na mwezi mmodi au zaidi mbele yake, na kisiwe kimefunguliwa. Wakikwambia wanahitaji nauli au madaftari kuliko maji, sikiliza. Kusafirisha katoni 13 ni kuhamisha kilo 234, na wakati mwingine gharama ya gari ingewafaa zaidi kuliko mzigo wenyewe. Picha usipige.

Na mume mwoneshe karatasi ya hesabu. Mwambie na ya makopo 30, kwa sentensi moja, bila machozi. Akirudia neno mchoyo, mpe kazi: yeye ndiye atakayejaza friji kila Ijumaa, naye aone kama mkono wake hautasita kwenye kopo la sita.