Hita za kuhifadhi joto kwenye flati yenye bodi mbili: bei inapangwa na mita, sio waya

SWALI: Habari za kazi fundi. Nimenunua flati ya zamani hapa Coventry, Uingereza, ghorofa ya tatu, jengo halina gesi. Kabatini kuna bodi mbili za umeme, moja imeandikwa ni ya usiku. Hita za kuhifadhi joto (zile zinazopasha matofali yake usiku na kutoa joto mchana) zilizokuwepo zilishakufa, nimeziondoa na nyaya nimezifunga tepu. Kuna mtu kwenye grupu letu la WhatsApp anasema hita mpya haihitaji zile nyaya, ataniwekea kwa plagi na taima iwake usiku kwa bei rahisi. Mwingine anasema nifunge hita za kawaida kwenye zile nyaya za usiku ili nipate umeme wa bei nafuu mchana kutwa. Nimsikilize nani?

JIBU: Usimsikilize hata mmoja, dada yangu. Na kabla hujaendelea kusoma nenda kabatini ukazime swichi kubwa ya hiyo bodi ya usiku, halafu urudi. Hizo nyaya ulizofunga tepu mchana ukizipima na testa haiwaki, ndio maana watu wanadhani zimekufa. Ikifika saa sita saa sita na nusu usiku mita inafungua na zote zinapata moto, yaani umeme, kwa pamoja, volti 230, nyie mmelala. Tepu sio kifuniko.

Sasa hii habari ya plagi na taima nakutana nayo kila baridi ikianza, na kusema kweli imenichosha, kwa sababu wanaoisema wanaisema kwa uhakika kabisa. Nadhani chanzo chake ni kwetu. Nyumbani unanunua LUKU au tokeni, yuniti ukiitumia saa nane mchana au saa nane usiku ni ile ile, bei inaangalia umetumia kiasi gani kwa mwezi, haiangalii saa. Kwa hiyo mtu akifika Uingereza akasikia umeme wa usiku ni rahisi, anadhani ni rahisi kwa kila mtu, ukiwasha tu usiku basi umepata. Sio hivyo hata kidogo! Bei ya usiku ni mkataba. Unaitwa Economy 7, upo tangu 1978, unakupa saa saba za usiku kwa bei ya chini, na mita inahesabu namba mbili tofauti, ya usiku na ya mchana. Kama mkataba wako ni wa bei moja, taima yako iwashe hita saa ngapi vile, unalipa bei ile ile, na hizo bodi mbili kabatini ni mapambo.

Na hapo ndipo watu wa flati za zamani wanapoumia, maana aliyekaa kabla yako inawezekana alishahamia bei moja na wewe umerithi nyaya bila mkataba. Hita moja ya kilowati 3.4 ikichaji saa saba imekula yuniti karibu 24. Ukiwa nazo tatu, kila usiku, kwa bei ya mchana, bili ikija utadhani wamekosea. Piga simu kampuni yako ya umeme kabla hujanunua hita yoyote, waulize mita inahesabu bei ngapi, usiku wako unaanza na kuisha saa ngapi, na zile nyaya za bodi ya pili zinafunguliwa na nini. Waulize pia wakati wa kiangazi inakuwaje, mita nyingi hazifuati mabadiliko ya saa, kwa hiyo ile saa sita na nusu inakuwa saa saba na nusu.

Huyu wa pili yeye ni hatari zaidi. Hita ya kawaida ukiifunga kwenye waya wa usiku itafanya kazi usiku tu, asubuhi inakufa, mchana unatetemeka. Mteja akilalamika fundi wa namna hiyo anarudi, anaunganisha bodi mbili kwa kipande cha waya, zote zinakuwa na moto saa zote. Sasa unalipa bei ya mchana ya Economy 7, ambayo kwa kawaida iko juu kuliko hata ya mkataba wa bei moja, na siku fundi mwingine akizima bodi moja akidhani yuko salama, moto unamjia kutoka ile nyingine.

Turudi kwenye plagi. Kilowati 3.4 ni ampea karibu 15, plagi ya hapa mwisho wake ni 13. Mtu atakwambia fyuzi si ipo. Fyuzi ya 13 inaweza kubeba 15 masaa na masaa bila kukatika, kinachoteseka ni plagi na soketi. Baridi iliyopita niliingia chumba kimoja mwenye nyumba anasema anasikia harufu kama ya samaki, amesafisha jiko mara mbili. Nikavuta kochi, taima imegeuka rangi ya chai ya maziwa, mguu mmoja wa plagi umeshikana na soketi, nilipovuta plastiki ikanyooka kama ubani wa kutafuna. Na ile hita ilikuwa ndogo, ya 2.55, sema ni ampea 11 kwa saa saba mfululizo kila siku kwenye taima ya bei poa.

Inavyotakiwa, kila hita inakuwa na waya wake mmoja kutoka bodi ya usiku, breka yake, na swichi yake ya kukata ukutani, haina plagi. Nyaya zako za zamani huenda bado nzima, zipimwe kwanza. Ila hita za kisasa, sheria ya 2018 imezitaka ziwe na themostati na akili ya kielektroniki, na nyingi zinataka moto wa aina mbili, wa usiku wa kuchaji na wa saa zote wa feni na kompyuta yake, kwa hiyo uwe tayari kuvutiwa waya wa pili, na pale ukutani zote mbili zikatike pamoja. Zipo zinazotumia waya mmoja wa saa zote na saa yake ndani, sawa, lakini bado mita lazima iwe ya bei mbili. Uzito nao, hita kubwa na matofali yake inapita kilo mia, inakaa sakafuni na kufungwa ukutani isianguke, haitundikwi kwenye jipsamu.

Wote mlio kwenye flati kama hizi nawaomba muangalie mita zenu. Nyingi za zamani zilikuwa zinafunguliwa kwa ishara ya redio inayorushwa kwenye masafa marefu ya BBC, na huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu tangu 30 Juni 2025. Mita ikikosa ishara hita zinaweza kukaa baridi, au zikachaji mchana kutwa. Kuibadilisha ni kazi ya kampuni ya umeme, fundi wa grupu asiiguse hata kidogo. Na akitaka kuvuta waya mpya muulize amesajiliwa NICEIC au NAPIT, mashirika yanayosajili mafundi umeme, England saketi mpya lazima iripotiwe na upewe cheti, bila cheti siku ya kuuza flati au kudai bima utahangaika.

Hizo hita ulizoziondoa ziko wapi? Kama ni za kabla ya katikati ya miaka ya 70 zinaweza kuwa na asbesto ndani, zile nyuzi zinazoharibu mapafu, usizifungue na wala usiwaite watoto wakusaidie kutoa matofali. Soma lebo ya nyuma, andika jina na modeli, halafu uliza halmashauri wanazipokea vipi.